Kabla hujanunua gari la delivari, kaa siku moja na dereva na saa ya kuhesabu sekunde

Kuna watu wa aina mbili huwa wananiuliza. Wa kwanza ana madereva wanne watano, kazi imeanza kuongezeka, anataka kujua anunue gari gani. Wa pili kapewa usupavaiza juzi tu, kila asubuhi anakuta ripoti yenye namba 20 mezani na hajui ashike ipi aache ipi. Wote nawajibu kitu kilekile, manake gari unalichagua kwa namba, na namba zenye maana zinaokotwa mlangoni kwa mteja, sio kwenye dashibodi ya ofisini. Mimi nimesukuma vifurushi miaka kadhaa ndo nikahamia upande wa kupanga ruti, kwa hiyo mengine humu yanatoka kichwani na mengine yanatoka magotini.

Anza na stopu moja

Stopu ni mlango mmoja unaosimama kushusha, hata kama unashusha vifurushi vitatu hapo hapo. Panda gari na dereva wako wa kawaida, usimchukue yule anayekimbia kuliko wote wala yule aliyeanza juzi. Kaa kiti cha abiria, simu iwe kwenye saa ya sekunde, na usimsemeshe sana. Kila stopu igawe vipande vitano: kuendesha kutoka mlango uliopita, kupaki na kufungua mkanda, kutafuta mzigo nyuma, kutembea mpaka mlangoni na kugonga na kusubiri, mwisho sahihi au picha na kurudi kwenye usukani. Pima stopu 30 za asubuhi na 30 za jioni, manake gari lililojaa mpaka mlangoni na gari lililobaki robo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Tuseme umepata hivi: kuendesha sekunde 50, kupaki 20, kutafuta mzigo 30, kutembea na kusubiri 50, sahihi na kurudi 30. Jumla 180, yaani dakika tatu kamili. Sasa chukua shifti ya saa tisa, ni dakika 540. Toa 45 za kupakia, toa 60 za kwenda kwenye mlango wa kwanza na kurudi depo, toa 45 za kupumzika na kula na msalani (ndio, msalani, kuna mameneja wanapanga ruti kama vile dereva hana kibofu). Zinabaki 390. Gawa kwa tatu unapata stopu 130. Hiyo ndo siku yako, hakuna muujiza.

Swali linakuja, ukitaka stopu nyingi zaidi unakata wapi? Wengi wanakimbilia kile kipande cha kuendesha, wananunua gari lenye nguvu, wanamwambia kijana akaze. Haya, akaze, aende kasi kwa robo nzima, zile 50 zinakuwa 40. Umeokoa sekunde 10 na umejiletea bampa iliyobonyea, breki za kubadilisha kila mara na siku moja mtoto anakatisha barabara. Lakini ukipanga mzigo vizuri, kutafuta kukatoka 30 mpaka 10, umeokoa 20 bila mtu kukimbia. Stopu inakuwa sekunde 160, na dakika zako 390 zinatoa stopu 146. Kumi na sita zaidi, kwa dereva yuleyule, gari lilelile na mafuta karibu yaleyale.

Mimi hili nililijua kwa tabu. Gari la kwanza nililopewa lilikuwa vani ya chuma isiyo na dirisha nyuma, taa ya ndani imekufa, fundi kila siku anasema kesho. Jioni nikawa naingia nimeinama, simu mdomoni kwa ajili ya tochi, mkono mmoja nasukuma maboksi mwingine nageuza lebo, na lebo siku zote inaangalia ukutani, sijui nani huwa anaziambia. Nilikuwa natumia dakika nzima kwa mzigo mmoja halafu ripoti inasema dereva mzito. Sikuwa mzito, nilikuwa gizani! Ndo maana nilipokuja kuona yale magari ya kahawia ya UPS, ile kampuni ya vifurushi ya Marekani, kitu cha kwanza nilichopenda ni paa. Limetengenezwa kwa kitu kinachopitisha mwanga, ukiingia nyuma mchana unaona lebo bila kuwasha chochote. Aliyelichora alijua sekunde zinapotelea wapi.

Kwa hiyo kabla ya gari jipya fanya haya ya bei rahisi: taa nyeupe ya nguvu nyuma, shelfu, kila kifurushi kiandikwe namba ya stopu kwa maka nene upande unaoonekana, na mzigo upakiwe kinyume na mpangilio wa ruti, wa mwisho uingie kwanza. Halafu pima tena. Kuna watu wamegundua hapo kwamba hawakuhitaji gari la tano.

Namba za kuangalia, na zile za kuacha zipite

Ukinilazimisha nibaki na namba moja, nitabaki na asilimia ya mizigo iliyopokelewa mara ya kwanza. Tuseme kati ya zile 130, kumi hazikupokelewa, mteja hayupo au anwani mbovu au geti limefungwa. Uko kama 92 kwa 100, inasikika vizuri. Ila zile kumi zimeshakula dakika 30 za leo, zinarudi depo, mtu anazishusha, anaziskani upya, kesho zinakula dakika 30 nyingine na kuchukua nafasi ya mizigo mipya ndani ya gari, na katikati kuna simu za wateja wamekasirika. Dawa yake mara nyingi haipo hata kwa dereva. Ni namba ya simu iliyoandikwa vibaya wakati wa kuagiza, ni ujumbe ambao haukutumwa asubuhi, ni maelezo kama "nyumba ya geti jeusi" mtaa mzima una mageti meusi. Mwambie dereva akirudi aandike sababu kwa maneno yake, sio kuchagua kwenye orodha ya sistimu yenye sababu tano, utajifunza zaidi ndani ya wiki mbili kuliko mwaka mzima wa grafu.

Inayofuata ni dakika na kilometa za bure, zile za kutoka depo mpaka mlango wa kwanza na kurudi. Humo hakuna mzigo unaoshuka lakini mshahara na mafuta vinakwenda. Kwenye mfano wetu ni saa nzima. Ukiona inafika saa mbili, tatizo lako sio gari, depo iko mbali, tafuta sehemu ndogo ya kushushia karibu na wateja au upange upya ruti zako.

Halafu msongamano wa stopu, yaani ngapi ndani ya kilometa moja, pamoja na vifurushi vingapi kwa stopu. Hizi mbili ndo zinakwambia ni halali kulinganisha nani na nani. Dereva wa maghorofani anashusha vifurushi sita kwenye mapokezi moja, dereva wa pembezoni anaendesha dakika nane kwa bahasha moja, ukiwaweka kwenye jedwali moja la stopu kwa saa umemwonea mmoja na umempamba mwingine bure. Linganisha ruti na ruti yenyewe ya mwezi uliopita. Na usiamini avareji peke yake, siku moja ya mvua kubwa inaivuruga wiki nzima, ziangalie siku moja moja, uone ya katikati ni ipi.

Gharama ipigie kwa stopu iliyofanikiwa, sio kwa kilometa. Jumlisha mshahara, mafuta au umeme, bima, tairi, sevisi, mizigo iliyoharibika uliyolipia, na kipande cha bei ya gari cha siku hiyo (bei uliyonunulia toa unayotegemea kuuzia, gawa kwa siku za kazi utakazolitumia). Gawa kwa stopu zilizofanikiwa tu. Kipande cha bei ya gari watu wanakisahau kwa sababu hela ilishatoka, halafu gari likifa wanashangaa hawana la kununulia jingine.

Na siku za gereji. Gari linalolala kwa fundi siku mbili kila mwezi, kwenye siku 25 za kazi, limekunyima karibu stopu 260 kwa ule mfano wetu. Iandike hiyo kabla hujasema gari fulani ni la bei chee.

Spidi ya juu, breki za ghafla, gari kuunguruma limesimama, hizo zitumie kwa usalama na mafuta tu, na umpe dereva mwenyewe azione kabla hujamwita ofisini.

Namba ikiwa fimbo, utadanganywa

Sehemu moja niliyofanya kazi walileta tageti ya stopu kwa saa, asiyefikisha anakatwa bonasi. Mwezi wa kwanza namba zikapanda, bosi kafurahi, katuma picha ya grafu kwenye grupu. Mwezi wa pili malalamiko ya "nilikuwa nyumbani na hakuna aliyegonga" yakawa mengi ajabu. Ilikuwaje? Madereva walikuwa wanapita mtaani, mlango ukionekana mgumu (lifti mbovu, mbwa, ghorofa ya nne) wanaskani "mteja hayupo" wakiwa wamekaa kwenye usukani, sistimu inahesabu stopu, safari inaendelea. Mimi pia nilifanya, mara mbili, sijisifu. Mtu akikatwa hela yake kwa sababu ya ngazi za mtu mwingine anatafuta njia.

Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart aliliona jambo hili mwaka 1975 akiongelea mambo ya sarafu na benki, na watu wamelifupisha hivi: kipimo ukikigeuza kuwa lengo, kinaacha kuwa kipimo kizuri. Kwenye vifurushi unaliona ndani ya wiki sita. Kinga yake ni kuzipa namba jozi. Stopu kwa saa ikae na asilimia ya mara ya kwanza, asilimia ya mara ya kwanza ikae na mizigo iliyopotea (manake ukimbana dereva hapo ataanza kuacha mizigo nje ya milango), gharama ya mafuta ikae na muda wa kumaliza shifti. Moja ikipanda huku mwenzake anaanguka usigawe bonasi, panda gari uende ukaone.

Kitu kingine, programu ya ruti usiiabudu. Stopu 10 tu zinaweza kupangwa kwa njia 3,628,800, kwa hiyo ni kweli kichwa cha mtu hakiwezi kuzipitia zote na kompyuta inasaidia sana. Ila kompyuta haijui kwamba ule mlango wa nyuma wa ofisi hufungwa saa sita, dereva anajua. UPS walijulikana kwa kupanga ruti zinazokwepa kukata kushoto, kwa sababu Marekani wanaendesha upande wa kulia na kukata kushoto ni kusubiri magari yanayokuja mbele, mafuta yanaungua na ajali zinatokea hapo. Kama unapoendesha ni upande wa kushoto basi igeuze, kwepa kukata kulia. Mpe dereva ruhusa ya kubadilisha mpangilio na aandike kwanini, yale maelezo yaingie kwenye sistimu, asije akaacha kazi akaondoka na ramani yote kichwani.

Sasa gari

Watu wanaangalia tani. Vifurushi vingi ni vyepesi lakini vina tumbo, gari linajaa kabla halijachoka. Ndo maana makampuni mengi ya kusafirisha haraka yanatoza kwa ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000, unapata kilo za kulipia. Boksi la 40 kwa 30 kwa 25 ni sentimita za ujazo 30,000, linalipiwa kama kilo 6 hata ndani kukiwa na mto wa kulalia.

Tumia boksi hilohilo kuchagua gari. Vifurushi 130 vya ukubwa huo ni mita za ujazo 3.9. Utasema vani ya mita nne inatosha. Haitoshi, labda kama unataka kuvishusha vyote kwa pamoja. Ukihitaji njia ya kupita katikati na shelfu na kuona lebo, mimi huhesabu kwamba natumia kama asilimia 60 ya nafasi, kwa hiyo 3.9 inataka gari la mita 6.5. Uzito je? Kila kimoja kikiwa kilo 3 ni kilo 390, vani ya kawaida inacheka. Upande wa uzito angalia tu kile kibati cha gari, uzito wa juu unaoruhusiwa ukiwa na kila kitu ndani pamoja na dereva na shelfu za chuma. Nchi nyingi za Ulaya leseni ya gari dogo inaishia kilo 3,500 kwa jumla, na vani kubwa tupu tayari imekula zaidi ya nusu.

Pikipiki, nazipenda, foleni haizishiki na kupaki ni sekunde mbili. Lakini chukua sanduku la nyuma la sentimita 45 kila upande. Kwa lita ni 91, boksi letu ni lita 30, ukipiga hesabu mezani vinaingia vitatu. Nenda ukajaribu kwa mikono. Kinaingia kimoja! Upande mfupi wa boksi ni 25, mbili ni 50, na sanduku lako ni 45, geuza utakavyo. Pikipiki ni ya bahasha, dawa, simu, nguo za kwenye mfuko laini, vitu vya haraka na depo iwe karibu ili kurudi kuchukua mzigo mwingine kusikuumize. Ukiifunga mzigo mkubwa kwa kamba juu ya kiti unacheza na mgongo wa kijana wa watu.

Bajaji inakaa katikati, ina paa, inageuka kwenye vichochoro, ila barabara kuu inateseka na upande wa usalama ukigongwa hauna kitu. Baiskeli ya mizigo yenye mota watu wanaidharau, mpaka siku upimaji wako uonyeshe kipande cha kupaki kinakula sekunde 60 badala ya 20. Katikati ya mji uliobanwa, baiskeli inafika mpaka mlangoni. Ulaya zile za kusaidiwa na mota zinaishia kilometa 25 kwa saa na wati 250 bila kuhitaji kusajiliwa, na usijali, kwenye stopu zilizobanana hata vani haizidi hapo. Inataka kituo kidogo karibu cha kuchukulia mizigo, bila hicho usinunue.

Vani sasa. Ukienda kuiangalia usianze na injini, anza na mwili wa dereva. Ingia na utoke mara 20 mfululizo, sitanii, fanya hapo hapo mbele ya muuzaji. Stopu 130 ni kushuka mara 130 na kupanda mara 130, hatua ikiwa juu sana magoti yataongea ndani ya miezi. Sakafu ya mizigo iwe chini. Je unaweza kutoka kitini kuingia nyuma bila kushuka barabarani? Mlango wa kuteleza uko upande wa njia ya waenda kwa miguu au upande wa magari? Unasimama wima nyuma au unainama? Posta ya Marekani waliagiza magari yao kwa kampuni ya Grumman, yakatengenezwa 1987 mpaka 1994, usukani upo kulia ingawa nchi yao inaendesha upande wa kulia, ili dereva afikie sanduku la barua akiwa amekaa na akishuka ashukie pembeni. Bodi ya alumini haioti kutu, mengine yamekaa barabarani zaidi ya miaka 30. Ila walisahau kiyoyozi, na madereva wamepikwa na joto la kiangazi humo ndani miaka yote hiyo. Kuwa makini, ukikosea kwenye kuchagua kosa linaishi muda mrefu kama gari lenyewe.

Dizeli au umeme? Angalia kilometa za ruti. Dizeli za kisasa zina kichujio cha moshi ambacho kinahitaji kupata joto la safari ndefu ili kijisafishe, sasa wewe unawasha unazima mara 130 kwa siku, hakipati hiyo nafasi, kinaziba, taa inawaka, siku za gereji zinaanza. Umeme unapenda hiyohiyo simama-nenda, ukikanyaga breki unarudisha chaji kidogo, na kuna vitu vichache vya kuharibika. Lakini kwanza hakikisha depo ina umeme wa kuchaji magari yote usiku kwa pamoja. Chukua ruti yako ndefu kuliko zote, zidisha kwa moja na nusu, hapo ndo utafute betri, manake baridi inapunguza safari, betri inazeeka, na namba ya kwenye tangazo haikupimwa na mtu aliyebeba mizigo yako. Ruti zako zikiwa ndefu na umeme unakatika katika, baki na mafuta, petroli inavumilia safari fupi kuliko dizeli.

Spea, ulizia tairi na pedi za breki za gari hilo kabla hujalipa. Likitaka kuagizwa mbali, achana nalo hata kama ni zuri.

Kodisha wiki moja kwanza kama inawezekana, umpe yule yule dereva wa kawaida, ruti ileile, na upande naye tena na saa yako. Vipande vitano vilevile. Kama sekunde hazijapungua kwenye kipande hata kimoja, ulikuwa unataka kununua rangi mpya.

Na ukishalinunua usipige shelfu siku ya kwanza. Mimi niliagiza fundi akachomelea zote upande wa mlango wa kuteleza, zilionekana safi kwenye picha, kijana akatumia siku tatu akaniita nje akasema kaka hebu fungua huo mlango uchukue mzigo. Nikafungua, nikakutana na migongo ya shelfu. Tulizikata wiki hiyohiyo. Mwache dereva atumie gari tupu siku kumi na maboksi ya plastiki, halafu mwambie achore chini kwa chaki anapotaka kila kitu kikae, ndo fundi aje.